Mlima wa Pazia

Miaka ile ya themanini, nusu ya sebule za Karagwe zilikuwa na mlima mmoja ukutani. Mlima mrefu, kichwa cheupe, ziwa miguuni, na miti yenye ncha ambayo hata mbuzi wa huku asingejua aanzie wapi kuila. Mbele yake alisimama bwana harusi wa Kimuli, au binti wa kipaimara, au mama na mapacha wake. Gosbert, mpiga picha, aliuchora mwenyewe kwenye shuka, akinakili kalenda ya misheni, akalitundika liwe pazia la studio yake pale Kayanga. Hakuna aliyeuliza mlima ni wa wapi. Yeye mwenyewe hakujua.

Mtu mmoja tu aliucheka: Jovitha, mkewe.

"Vilima vyetu vimekukosea nini?" alimwuliza. "Siku moja nipige picha pale mwisho wa kibanja chetu cha migomba, ukungu ukiwa umejaa bondeni."

Na kweli, nyumbani kwao Nyakasimbi, migomba ilipoishia ardhi iliporomoka ghafla. Asubuhi za mvua bonde lote lilijaa ukungu, vilele vya mbali vikabaki vikielea. Jovitha, mwenye mdomo usiochoka, akifika pale alinyamaza. Alisema panamtia hofu, na kwamba hofu hiyo anaipenda.

Gosbert alimjibu asubiri. Tangu vita vya Kagera filamu zilikuwa za kutafuta kwa tochi, na kila picha ya roli moja ya filamu ilikuwa na mtu wake anayeingoja. Kwa mafundi wa wakati ule, kupiga bonde ilikuwa kuharibu filamu. "Roli ijayo," alisema. Alisema hivyo miaka sita.

Mwaka 1987 homa ya siku tisa ikamchukua Jovitha. Hawakuwa wamejaliwa mtoto. Gosbert akawa anapika ndizi za mtu mmoja na bado zinabaki. Picha ya mkewe aliyokuwa nayo ilikuwa moja tu, ya studio: Jovitha ameshika maua ya plastiki, nyuma yake ule mlima. Kila alipoitazama aliona aibu.

Basi msimu mzima wa masika, asubuhi baada ya asubuhi, alisimama mwisho wa kibanja na kamera yake. Alitaka jambo moja: akipate kile alichokiona mkewe, ampelekee mama yake Jovitha kabla bibi huyo hajafumba macho. Roli nzima ikaishia kwenye ukungu. Katika chumba cha giza cha kusafishia picha alitumbukiza karatasi kwenye dawa, moja baada ya nyingine, akangoja vilima vitokee. Havikutokea. Ulikuwa weupe mtupu, na pembeni mgomba mmoja ulioegemezwa gongo. Pale ukingoni alichokiona kilikuwa kikubwa kuliko macho yake. Sasa mkononi alikuwa na karatasi tu. Akalia, mtu mzima, vidole vikinuka dawa.

Akaenda hivyo hivyo kwa mama mkwe wake, na picha mbili kwenye bahasha.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Ma Kokuberwa aliishika ile ya studio, akapitisha kidole gumba juu ya mlima. "Hapa ni wapi?"

"Si mahali, mama. Ni shuka."

Akaiweka chini. Akachukua ile nyeupe, akaisogeza dirishani, akaikagua pembe hadi pembe. Uso ukamchangamka.

"Huu si mgomba wake wa ukingoni? Aliupanda mwaka alioolewa, tukamwambia upepo utauangusha, akauwekea gongo. Alikuwa akisimama hapa hapa." Akaigeuza nyuma, akairudisha mbele, akaisogeza karibu na macho. "Sasa mbona yeye hayupo?"

Njia nzima Gosbert alikuwa ameandaa maneno kuhusu vita na uhaba wa filamu. Akayaacha yote.

"Nilimwambia asubiri, mama."