Mama wa Mizani: Jinsi Tulivyojaribu Vitabu vya Katuni Ggaba

Siku yangu ya kwanza kazini niliambiwa ninyamaze. Wanaonijua wanaelewa kwamba kwangu hiyo ilikuwa sawa na kufungwa kamba.

"Onyesha picha, uliza swali moja, halafu funga mdomo," Msimamizi wa Utafiti aliniambia. Alikuwa mama wa sauti ya chini ambaye hakurudia neno. "Ukimsaidia mtu kujibu, utaniletea akili yako badala ya yake. Akili yako ninayo tayari."

Alinitoa Kikuubo, katikati ya Kampala. Huko nilikuwa nakodisha vitabu vya katuni, nimevitandaza juu ya gunia katikati ya maduka ya jumla. Wapagazi walisoma wakiwa wamekalia marobota, nami niliwaangalia wao, si kurasa, ndiyo maana nilijua kitabu kipi kitapendwa. Nilivuka kutoka Busia upande wa Kenya nikiwa nimeishia darasa la tano. Sikuwa na mjomba mjini. Nilijitengeneza mwenyewe, na nitalisema hilo hata mkichoka kulisikia, maana hata mimi nimechoka lakini bado ni kweli.

Ofisi yetu ilikuwa Luzira, mtaa wenye lile gereza kuu, katika nyumba ya kupanga yenye ua mdogo. Ilitengeneza katuni za kufundisha watu wa sokoni mambo ya afya na biashara. Kazi yangu iliitwa kujaribu. Vijana wa leo hawaijui, basi nieleze. Kabla kitabu hakijachapwa, nilichukua michoro ya penseli nikaipeleka kwa wale watakaokisoma. Kwanza nilifunika maputo, yale maduara yenye mkia yanayobeba maneno ya msemaji, ili watu wasimulie kwa macho tu. Kisha nilifunua, mmoja akasoma kwa sauti na wengine wakambishia. Katuni hapa kwetu haisomwi na mtu mmoja. Mmoja ana macho, mwingine ana herufi, wa tatu ana umbea, na kitabu ni cha wote watatu.

Halafu kuna uchochoro. Ndivyo tulivyoiita ile nafasi nyeupe kati ya fremu moja na nyingine. Kwenye fremu ya kwanza mtu ameshika kisu, kwenye ya pili kuku yumo sufuriani. Nani amechinja? Msomaji mwenyewe, ndani ya uchochoro. Msimamizi alisema kazi yetu yote imo humo, kujua watu wanaweka nini pale ambapo sisi hatukuchora kitu. Nilidhani ni maneno ya wasomi tu, mpaka tulipofika Ggaba.

Kitabu kile kilihusu mizani. Muuza samaki anaweka jiwe chini ya mizani na kuwapunja wateja, mwisho anakamatwa. Mchoraji Mkuu, bwana mpole aliyevuta penseli kama anavyovuta uji, alikuwa amekwenda kwenye mwalo wa Ggaba, soko la samaki kando ya ziwa, kupiga picha za meza na miavuli, kisha akachora kwa kuziangalia. Sura ya yule mwizi aliibuni mwenyewe, akaapa hivyo.

Niliwakalisha wanawake wa samaki, nikafunika maputo, nikauliza swali langu moja: "Mnaona nini?"

Walicheka mpaka mmoja akashika mbavu.

"Banange! Si huyu ni Mama Aisha!"

"Mwavuli wake huo, wenye kiraka."

"Na mguu ameunyoosha hivyohivyo, kama anangoja kukandwa."

"Ee, Mama Aisha! Njoo uone jiwe lako!"

Mama Aisha alikuwa Mnubi, mjane, aliyeuza samaki wa ngege pale kwa miaka mingi kwa wenye mikahawa ya mjini. Alikuja akijifuta mikono kwenye aproni, akainama, akatazama. Hakucheka.

"Wewe Mkenya," aliniambia polepole, "nani alikutuma unichore mwizi?"

"Mama, sura si yako. Angalia pua."

"Pua? Nani hapa ananunua samaki kwa pua yangu? Wananijua kwa mwavuli. Leo hawa wanacheka. Kesho mwenye mkahawa akisikia, atahamia meza ya jirani, na mimi nitakula nini? Mwavuli?"

Hapo nilikunja michoro yangu bila swali la pili.

Nilirudi Luzira, nikamweleza Mkurugenzi mbele ya wote. Mimi siogopi cheo, wala sijawahi. Alisema mtambo wa uchapaji unatungoja. Nikamwambia, "Bwana Mkurugenzi, kikitoka hivi, mama yule hana biashara tena." Msimamizi akaniunga mkono kwa neno moja tu: "Kweli." Mkurugenzi akakubali, akatupa muda wa kurekebisha.

Mchoraji Mkuu alichagua njia fupi. Mwizi akawa mwanamume wa makamo mwenye kofia, ameketi chini ya bati. Ile meza ya Mama Aisha ilibaki kwa nyuma kama pambo la soko, ina mwavuli wake wa kiraka, lakini yeye hayupo. Sote tuliona tatizo limekwisha. Mimi nilimpigia makofi.

Nikarudi Ggaba, nikafunika maputo tena. Wanawake wakapitia fremu moja moja, safari hii kimya. Walipofika pale mwanamume wa kofia anapokamatwa, mmoja akaweka kidole kwenye meza tupu.

"Na Mama Aisha yuko wapi?"

"Huoni? Wamemtanguliza. Yuko Luzira."

"Luzira! Kumbe walikuwa wawili."

Kwenye uchochoro wamemfunga jela. Sisi tulimwondoa kwenye wizi, wao wakamwongezea kifungo. Nilitaka kupiga kelele kwamba hakuna aliyefungwa, lakini sheria ya kazi ilikuwa ileile: uliza, nyamaza.

Safari iliyofuata nilikwenda na Msimamizi mwenyewe. Alikaa kwenye kreti karibu na Mama Aisha, magamba ya samaki yakimshika sketi, akamwomba radhi. Kisha akamwambia tutafuta meza, mwavuli, kila kitu.

"Hapana, nnyabo," Mama Aisha alisema. "Ukinifuta watasema nimekufa. Wameshaniona humo. Nirudishe."

"Nikurudishe ukifanya nini?"

Mama Aisha akafikiri huku mikono yake ikiendelea kupara samaki. "Ninapima. Watu wote waone chini ya mizani yangu hakuna kitu. Halafu nampa mteja nyongeza. Samaki mdogo, juu ya wale aliolipia."

"Kwani wewe hutoa nyongeza?" jirani yake akadakia. "Tangu lini?"

"Nyamaza wewe, tunachora!"

Akachorwa hivyo. Nilipojaribu mara ya tatu, hakuna aliyemfunga wala kumzika. Kitabu kikachapwa.

Baada ya hapo nilijaribu vitabu vingi, mpaka magoti yakakataa viti vya chini na ofisi ikaishiwa na wafadhili. Sasa nakaa nyumbani. Wenye kazi hii siku hizi wanatuma picha kwenye simu, kisha wanahesabu vidole gumba. Siwalaumu, hata mimi sina tena nguvu ya kukaa juani. Ila simu haikuonyeshi mtu akiweka kidole kwenye meza tupu. Nimewakalisha watu sokoni, gerejini, saluni, na ninyi mnaosoma haya jueni kwamba mtu hachukui picha jinsi ulivyompa. Anaipeleka mtaani kwake, anawapa waliomo majina ya majirani, kisha anaishi nao. Ukichora ovyo, kuna mtu wa kweli atakayelipa.

Juzi nilikwenda Ggaba kununua samaki wa Jumapili. Mama Aisha amezeeka, na uchovu wake ni kama wangu. Alipima ngege wangu, akawafunga, kisha akachukua mmoja mdogo akamtupia ndani, uso umekunjamana.

"Mama, sikuomba."

"Hakuna anayeomba. Wote wanasimama tu hapo wanangoja. Mkenya, uliniletea hasara wewe."

"Si ukatae?"

Akanitazama kana kwamba mimi ndiye nisiyejua kusoma.

"Nitakataaje? Kwenye kitabu nilishatoa."