Salamu za Kristiana wa Kizwite

Upande ule wa uwanja wa Kizwite unaopakana na mashamba ya ulezi kuna kimya ambacho mgeni hawezi kukitambua. Ngoma ipo, filimbi zipo, vijana wana vipande vya mabati wanavyovigonga kwa mawe. Lakini timu ngeni inapovuka mstari wa chokaa kwa mara ya kwanza, hupita kitambo kifupi ambacho hakuna mtu anayejua akijaze na nini. Ngoma huchelewa kuanza. Wageni hutazama huku na huku. Upepo huwapita vichwani, ukaenda zake Mollo.

Kitambo hicho kilikuwa cha Kristiana.

Alizaliwa huko huko Mollo, akaletwa Kizwite na ndoa. Mumewe alikuwa fundi katika karakana ya shirika moja la umma, na kwa kuwa shirika lilikuwa na timu ya mpira, yeye ndiye aliyeshona mipira iliyopasuka. Mume alitangulia kufa, shirika likafuata. Ilikuwa miaka ile ya ruksa, kila kitu kikatafutiwa mnunuzi. Ziliuzwa mashine, zikauzwa meza na makabati, mwishowe hata geti likang'olewa likaondoka juu ya gari. Timu peke yake haikupata mnunuzi.

Basi watu wa Kizwite wakaichukua kama mtu anavyochukua mtoto wa jirani aliyefiwa. Wakaiita Upepo, maana upepo ndio kitu ambacho hakuna mtu angeweza kuwauzia. Jezi zilitoka kwenye mitumba: fulana za kijani zenye maandishi ya nchi ambayo hakuna aliyeijua, na miongoni mwake namba tisa zilikuwa tatu. Kornel, aliyekuwa mtunza ghala wa shirika na sasa alikuwa akiuza sabuni na mafuta ya taa sokoni, akawa katibu. Mwenye kuku alileta kuku, mwenye maharage alileta maharage, na Kristiana akasonga ugali wa ulezi wa kuwatosha wachezaji wote na wengine waliojipa uchezaji siku ya chakula.

Watu waliokuwa wakinyimana kaa la moto Jumatatu walikumbatiana Jumamosi. Maganga, Msukuma aliyehamia na ng'ombe wake na kulima kule bondeni, alikuja uwanjani na fimbo yake ya kuchungia na kukaa katikati ya Wafipa, akiwatania kwamba wao wanapenda mpira kwa sababu ndicho kitu pekee kwao kinachokwenda haraka kuliko maharage kuiva. Wao wakamwambia ajihadhari, ng'ombe wake wanaweza kuandikishwa namba tisa ya nne. Ukimuuliza mtu wa Kizwite siku hizo alikuwa nani, alikwambia kwanza timu, kisha ukoo.

Kristiana hakuujua sana mpira. Kuotea hakukumwingia akilini mpaka mwisho. Alichokijua ni kwamba mgeni haingii kwa watu bila kusalimiwa. Kwa hiyo timu ya kwanza ilipokuja kucheza na Upepo, alishuka kwenye benchi la magogo, akachuchumaa, akakutanisha viganja vilivyobonyea kama vya mtu anayekinga maji, akapiga makofi taratibu, ya sauti ya chini, kama alivyofundishwa na mama yake kumsalimia mtu wa kuheshimiwa. Wanawake waliokuwa karibu wakachuchumaa naye. Wageni, waliokuwa watu wa vijiji vya jirani, waliinama na wao wakapiga makofi. Baada ya hapo ngoma ikaanza. Ikawa ndiyo desturi. Upepo hawakuanza mechi ya nyumbani bila makofi ya Mama Kristiana, na hakuna aliyeona ajabu.

Ajabu ilikuja na timu kutoka mbali, upande wa Mbeya. Hao walikuwa wameonywa kwao. Jina la mji huu, Sumbawanga, wazee husema, maana yake ni tupa uchawi. Lakini watu wa mbali hulikumbuka neno la pili tu. Wageni wale walikataa kupita mlangoni. Waliparamia uzio wa mabanzi, mmoja akachana kaptura, wakadondokea ndani upande ule ule wa mashamba ya ulezi, mbele ya wanawake waliokuwa wamechuchumaa tayari.

Makofi yakaanza. Kapteni wao akaruka kama aliyekanyaga kaa la moto. Akamwita mwamuzi, akamwonyesha kwa kidole yule mama mwenye kitenge cha bluu, akasema hawachezi mpaka aondolewe. Kornel akaenda kueleza kwamba hiyo ni salamu. Mwamuzi, naye mgeni, akasema salamu inatolewa kwa mdomo. Mwishowe Kristiana akaombwa akakae nyuma ya goli. Hakubishana. Alikunja kanga aliyoikalia, akaenda.

Kosa likawa hilo. Mlinda mlango wa wageni alimkuta nyuma yake. Kipindi kizima alikuwa akigeuka kumwangalia yuko wapi na anafanya nini, na katika kugeuka kwake kumoja mpira ukapita katikati ya miguu yake. Upepo wakashinda. Kristiana wakati huo alikuwa akichambua maharage kwenye ungo.

Jioni ile vijana walimbeba mabegani mpaka kwake. Alicheka, maana tangu harusi yake hakuwa amebebwa na mtu. Hakusikia vizuri walichokuwa wakiimba. Alikisikia kesho yake, sokoni. Mwuza nyanya mmoja alimwambia mwenzake kuwa kipa yule alisalimiwa akasalimu amri. Watu wakaangua kicheko.

Neno likatembea. Baiskeli ikipasuka tairi, imesalimiwa. Mtu akifukuzwa kazi, amesalimiwa. Vijana wa stendi wakitishana walisema, "Nyamaza wewe mshikaji, nitakupeleka kwa mama akusalimie." Hawakuwa na ubaya. Walikuwa wakijivunia kitu ambacho timu nyingine hazina. Kristiana mwenyewe alicheka wiki ya kwanza. Wiki ya pili alitambua kwamba watu wakimwona kwa mbali wanabadilisha njia.

Kwa Wafipa, mtu anayepita bila kusalimia ndiye anayeshukiwa. Sasa Kristiana akisalimia alishukiwa, asiposalimia alishukiwa zaidi. Alianza kuchelewa kwenda bombani ili asikute watu, na alipowakuta alibaki na salamu mdomoni kama mtu aliyetiwa chakula cha moto, hawezi kumeza wala kutema.

Kisha Clemens, mshambuliaji wa Upepo, akavunjika mguu mazoezini. Asubuhi ya siku hiyo alikuwa amepita bombani, akamwamkia Kristiana shikamoo, naye akamwitikia marahaba na kumwuliza hali ya nyumbani. Watu wawili walikuwepo. Ilitosha.

Kristiana alikwenda hospitali na uji kwenye chupa ya chai. Mlangoni alikutana na Justina, mama yake Clemens, ambaye walikuwa wamechota maji pamoja miaka yote, wakasaidiana uzazi, wakazikiana waume. Kristiana alianza kuinama.

"Usinisalimie, Kristiana," Justina alisema. "Sema tu shida yako."

Aliiweka chupa chini ukutani, akarudi nyumbani. Njiani, kama alivyomsimulia binti yake Asnath baadaye, alijaribu kukumbuka ni lini alimkosea mtu hivyo hata astahili neno kama lile, akashindwa. Wanawake wazee walikuwa wamechomewa nyumba katika nchi hii kwa maneno madogo kuliko hayo. Asnath, aliyekuwa akisomea ualimu, alimwambia aache kwenda uwanjani, watu watasahau. Kristiana alisema mtu aliyefanya kitu ndiye anayejificha.

Kornel alimjia nyumbani wiki ya mechi na Kipili, timu ya huko Ziwa Tanganyika. Mshindi angewakilisha mkoa, na Upepo walikuwa hawajawahi kufika hapo. Hakuna kilichozungumzwa Kizwite isipokuwa hilo. Mafundi cherehani walishona bendera bila kuombwa, na misikiti na makanisa yalisemekana kuombea kitu kimoja. Kornel alikaa kwenye kigoda, akazungumza kuhusu baridi, kuhusu bei ya mbolea, kuhusu goti lake. Halafu akasema kamati imekaa, na inamwomba mama akakae nyuma ya goli la Kipili.

"Nikafanye nini huko?"

"Uwasalimie."

"Kornel, mimi nilikuwa nawasalimia wageni."

"Tunajua, mama. Sasa wasalimie hivyo hivyo."

Kristiana alimtazama usoni. Huyu alikuwa amekula kwake tangu akiwa kijana wa ghala, alimjua. Aliona kwamba hatanii wala hamchukii. Alikuwa anaamini, na alikuwa anamshukuru. Hilo ndilo lililomwogopesha kuliko Justina.

"Nitakuja," alisema. "Nitakaa pale ninapokaa siku zote. Makofi sipigi."

Kornel alimwomba afikirie. Wakifungwa, alisema, watu watasema amewanyima. Hakulisema kwa vitisho. Alikuwa akimweleza tu hali ya barabara kama mtu anavyomweleza msafiri.

Siku ya mechi uwanja ulijaa mpaka watu wakakanyaga ulezi. Kristiana aliketi kwenye gogo lake. Watu waliokuwa pale walisogea, si kwa matusi, kila mmoja kidogo tu, mpaka gogo zima likabaki lake. Maganga aliliona hilo kutoka mbali. Akaja na fimbo yake, akaketi ubavuni mwake kwa kishindo.

"Nisalimie, mama," alisema kwa sauti ya kusikika. "Nisalimie na ng'ombe wangu. Kuna dume moja linanisumbua, lisalimie sana hilo."

Watu wawili watatu walicheka. Kristiana hakucheka, lakini alimsogezea kanga wakakalia wote.

Kipili walifika kwa lori la dagaa. Wachezaji walishuka, wakapita mlangoni kama watu wazima, na nyuma yao wakashuka wanawake waliokuja kushangilia: wauza samaki wa ziwani, mikono yao ingali inanuka migebuka, wengine wao wazaliwa wa huku huku juu walioolewa pwani ya ziwa. Walizunguka uwanja kutafuta pa kukaa. Walipofika upande wa mashamba ya ulezi walimwona mama mtu mzima ameketi mbele ya umati kwenye gogo lake, karibu peke yake, wakadhani ndiye mkubwa wa mahali. Mwanamke wa mbele akatua mzigo wake. Akachuchumaa. Wote wakachuchumaa nyuma yake, wakaanza kumpigia makofi, taratibu, viganja vimebonyea.

Upande ule wote ulinyamaza. Ngoma ilinyamaza. Kornel, aliyekuwa akigawa machungwa kwa wachezaji, alisimama na chungwa mkononi.

Kristiana alijua wanamtazama. Alijua pia wanachokisubiri, na kwamba wangekisoma vyovyote angefanya. Kumwacha mgeni amechuchumaa mavumbini bila kumwitikia ni jambo ambalo mama yake asingelielewa hata angeelezwa mara ngapi. Alishuka kwenye gogo, magoti yakimlalamikia, akachuchumaa mbele ya yule mwanamke wa ziwani, akapiga makofi ya kumjibu. Akamwuliza habari za Kipili. Akamwuliza habari za njia, na kama mteremko bado ni mbaya. Yule mwanamke akamjibu kwamba mteremko umezidi, lori limewapandisha kwa kusukumwa, na watoto hawajambo. Ikatosha. Kristiana akarudi kwenye gogo, na wauza samaki wakakaa naye, wakalijaza.

Upepo walifungwa. Namba tisa wa pili alikosa penalti, mpira ukaenda kwenye ulezi.

Kizwite ilikuwa na msiba wa siku kadhaa. Watu walikaa vibarazani wakiucheza mpira ule upya kwa vijiti. Wengine walisema mama ameuza mechi kwa watu wa ziwani, mbele ya macho ya watu, mchana kweupe. Wengine walijibu kwamba kama makofi yale yalikuwa dawa, basi ni dawa gani hiyo inayompa mgeni ushindi; na kama wanawake wa Kipili walimpigia yeye kwanza, nani amemloga nani? Hoja ikawachanganya. Mwuza nyanya alijaribu kulitumia lile neno sokoni akaona halichekeshi tena. Maganga, akiulizwa, alisema dume lake bado halijatulia, kwa hiyo mama hana kitu, msimsumbue.

Kisha asubuhi moja, Clemens akiwa tayari anatembea na fimbo, Kristiana alikutana na Justina bombani ndoo zikiwa kwenye foleni. Justina alitazama maji, akasema, "Umeamkaje?" Kristiana akajibu ameamka salama. Chupa ya chai ilikuwa imerudishwa mlangoni kwake muda mrefu kabla ya hapo, imeoshwa, bila ujumbe.

Wapo ambao hawakumrudia. Kornel aliendelea kumheshimu kwa namna ambayo Kristiana hakuitaka, akimpisha njia kwa umbali mkubwa kidogo, akiitika kwa haraka mno. Kristiana alikwenda uwanjani misimu mingine miwili. Aliwasalimia wageni waliokuja na wakamwitikia au hawakumwitikia. Wanawake wenzake walichuchumaa naye mwanzoni, halafu wachache, halafu yeye na mmoja. Hakumlaumu mtu. Alisema ni magoti tu.

Asnath alipojifungua mtoto wa pili aliomba mama yake aje amsaidie, naye akaenda, akaiacha nyumba ya Kizwite kwa mpangaji.

Kristiana sasa anaishi Msanzi, kwa binti yake anayefundisha huko. Wana shamba la maharage nyuma ya nyumba za walimu.