Pakiti za Aili na Ngiri Yangu

Hili ninalokusimulia hutaliamini, na sikulaumu. Hata mke wangu haliamini, naye kovu nimemwonyesha.

Mpwa wangu Aili ni nesi wa chumba cha upasuaji hapa mjini Duluth, yule anayempa daktari vifaa mkononi. Mimi Reino naendesha lori la taka. Shule niliiacha mapema, ikashukuru. Lakini mifuko ya hospitali naijua: glavu, nyuzi, vitambaa, vingi havijamgusa mtu. Vilifunguliwa kwa "huenda vikatakiwa", na pakiti ikishafunguliwa haina kurudi, ni jalalani.

Aili alichoka kuvitupa. Akamwomba Daktari Halvorsen, mpasuaji mwenye ulimi wa wembe, wajaribu hivi: kila kitu kiwe karibu, ila kisifunguliwe mpaka akitake.

"Mara moja tu," Halvorsen akasema. "Ukinichelewesha, tunarudi kulekule, na usinitajie tena."

Mgonjwa wa siku hiyo nilikuwa mimi, na ngiri yangu.

"Mjomba, ukitaka kukataa, kataa," Aili akaniambia.

"Nikatae? Tumbo hili limebeba taka za mji mzima, lishindwe na pakiti zako?"

Wakanidunga ganzi ya mgongo. Chini nikafa, mdomo ukabaki hai. Wakaning'inizia pazia mbele ya uso, nikawa wa kusikia tu.

Kazi ikaenda. Daktari anataja, pakiti inachanwa, anapewa. Halafu sauti yake ikabadilika.

"Mshipa unavuja. Mpira wa kufyonza damu."

Nikasikia pakiti inavutwa, haichaniki. Inavutwa tena. Halvorsen akashusha pumzi puani. Mimi yangu nikaizuia. Ndipo ikachanika, na mpira ukaanza kukoroma kama mtoto anayemaliza soda kwa mrija.

"Umechelewa, Aili."

"Nimechelewa, daktari. Huo nilipaswa kuufungua mapema."

Daktari akafunga mshipa, akashona, akamaliza.

"Taka zote za leo ni mfuko huo mmoja tu?" akauliza.

"Ndio huo."

"Basi mpira ufunguliwe mapema. Vingine viache hivyohivyo. Na kesho pia."

Hapo nikatoa mkono nje ya pazia, Halvorsen akaushika kwa mikono miwili, machozi yanamlengalenga, akasema, "Mzee Reino, ushujaa kama huu sijawahi—"

"Mjomba," anasema Aili, anayesoma haya ninayoyaandika nyuma ya bega langu, "daktari alisema uongezewe dawa ya usingizi, maana ulikuwa unacheka na tumbo linatikisika."