Majivu ya Maharagwe kwenye Mahindi ya Buluu

Jirani yetu hapa Reynoldsburg ni mwanamke wa Kihopi, kabila la wenyeji asilia wa Amerika, mzaliwa wa nchi kavu ya Arizona, aliyemfuata mumewe Ohio. Kanisa lilimpa kipande cha bustani kando ya kile cha mama yangu. Mimi ndiye niliyekuwa mkalimani wao.

Theluji ilipokwisha alileta mbegu za mahindi ya buluu alizorithi kwa bibi yake, na kijiti cha kuchimbia. Alichimba mpaka mkono ukazama hadi kiwikoni, akatumbukiza punje nyingi shimo moja. Kwao mvua ni haba, unyevu uko chini kabisa.

"Huku maji ni mengi," Mama akaniambia. "Zitaoza."

Nikatafsiri. Jirani akatabasamu, akaendelea kupanda kama walivyopanda wazee wake. Zikaoza.  Mama alikwenda na jembe lake, na punje zilizosalia wakazipanda pamoja, juujuu. Zikaota.

Baada ya mavuno jirani alisaga mahindi, akatuita jikoni kwake. Uji ulikuwa mzito na mzuri, lakini ulikuwa na rangi ya kijivu, naye akaukoroga kwa huzuni.

"Majivu niliyotoka nayo nyumbani yamekwisha," alisema. "Bila majivu ile buluu haitoki."

Nilidhani Mama atashangaa kusikia majivu yanatiwa kwenye chakula. Yeye akainuka.

"Bon, haya, umuambie angojee kidogo."

Alichoma mabua makavu ya maharagwe yake uani, akachekecha majivu, akayachanganya na maji, akayachuja kwa kitambaa safi. Kule kwetu Kivu, Kongo, maji hayo ndiyo yaliyolainisha maharagwe yetu. Tangu tufike Amerika hakuna aliyewahi kuyahitaji.

Jirani akayamimina kidogokidogo. Uji ukageuka buluu machoni petu.

"Muulize nani alimfundisha," jirani akaniambia.

"Mama yangu," Mama akajibu. "Naye alifundishwa na mama yake."

Nilipotafsiri, jirani aliweka mkono kifuani. "Hata mimi."

Jumapili walipeleka sufuria kanisani. Watu walipouliza mpishi ni nani, jirani alimwonyesha Mama, Mama akamwonyesha jirani. Nami nilisimama mlangoni nikimwambia kila aliyepita, hata asiyeniuliza, kwamba yule mwenye kilemba cha njano ni mama yangu.