Miaka Nyuma ya Kibao

Wiki ile ya vibao vya wachuna chai sikukaa. Hata chai niliinywa nikiwa nimesimama, nikizunguka kati ya mashine tatu za karakana yetu pale Roret na skrini tuliyoitundika ukutani. Programu niliyoinunua kuziendesha zote pamoja ilikuwa na miezi miwili tu. Nilikuwa bado siiamini, na pia sikuweza kuacha kuitazama.

Kazi yake ni hii. Unaipa orodha ya mteja, nayo inaigawa. Mashine kubwa ya kuchonga inakata vibao kutoka kwenye mbao. Leza ya kwanza inachoma jina upande wa mbele, leza ya pili inachoma miaka ya kazi upande wa nyuma. Kibao kikikamilika, mstari wake kwenye skrini unageuka kijani. Mwenzangu katika biashara, fundi seremala aliyezaliwa Fort Ternan katika familia ya Wakikuyu waliohamia huko zamani, hakuvutiwa.

"Unaangalia hiyo kitu kama mtu anangoja matokeo ya mtihani," aliniambia. "Angalia mbao."

Oda ilitoka kwenye shamba moja kubwa upande wa Kericho. Walikuwa wameleta mashine za kuvuna chai, na wachunaji mia moja na arobaini walikuwa wanarudishwa nyumbani. Kila mmoja angepewa kibao cha shukrani. Niliikubali kazi kabla sijafungua orodha. Nilipoifungua nikamkuta mama yangu, mstari wa tisini na nne. Nilijua anaachishwa kazi, lakini sikuwa nimefikiria kwamba mashine zimemtoa shambani, na mashine zangu ndizo zitamwandikia kwaheri. Tangu saa hiyo mwili wangu haukutulia.

Jumanne alasiri ikanyesha mvua ya mawe, stima ikapotea. Iliporudi, programu iliendelea yenyewe, na mimi nikaisifu kwa fundi. Kufikia jioni skrini yote ilikuwa kijani.

Asubuhi mama alipita akitoka kupeleka maziwa. Aliona vibao vimepangwa mezani, akaanza kuviinua kimoja kimoja, akisoma jina, akigeuza, akisoma nyuma. Nilimwacha, nikidhani anawaaga wenzake. Kisha akaniita.

"Huyu hajafanya miaka thelathini na nne. Alikuja nyuma yangu, akiwa na mimba ya yule mtoto wake ambaye sasa ni polisi."

"Mama, kompyuta haikosei hesabu."

"Na huyu ndiye alinifundisha kuchuna. Hapa umeandika miaka tisa."

Nilichukua orodha na kulinganisha. Hadi kibao cha sitini kila kitu kilikuwa sawa. Kuanzia cha sitini na moja, kila mtu alikuwa amepewa miaka ya anayemfuata. Stima ilipopotea, kibao kilikuwa kimewekwa tu ndani ya leza ya pili, hakijaguswa na moto, lakini programu ilishakihesabu kuwa kimeisha. Iliporudi, programu ikaruka kwa mtu anayefuata, na kibao kilichokuwa ndani kilikuwa bado kile kile. Karibu vibao themanini, na kesho yake tulitakiwa kuvipeleka.

Fundi hakunilaumu. Alichukua kimoja, akakipima unene kwa vidole, akasema, "Mgongo unaweza kukwanguliwa." Tukavipitisha vyote chini ya mashine kubwa, ikaondoa milimita moja, yeye akavipiga msasa, nami nikasimama kwenye leza nikisoma kila jina kwa sauti kabla ya kubonyeza. Mama alikaa kwenye kigoda akiitikia: ndiyo, ndiyo, huyo ni sawa.

Tulipofika kwenye jina lake hakuitikia.

"Miaka ishirini na sita," nilirudia.

"Ni thelathini na moja."

"Orodha inasema ishirini na sita, mama."

"Hiyo mitano nilikuwa kibarua. Chai ilikuwa ile ile."

Nilitoka nje, nikampigia simu karani wa shamba. Alinisikiliza kwa upole, akasema wao wanahesabu kuanzia siku ya barua ya kuajiriwa, na kama nitabadilisha mmoja nitalazimika kubadilisha wengi. Nilirudi ndani nikachoma ishirini na sita. Mama alikitazama, akakiweka pamoja na vingine, akachukua mtungi wake akaenda.

Alhamisi tulivipeleka. Kulikuwa na hotuba, soda na maombi. Nilikaa nyuma, nikasimama, nikatembea mpaka kwenye gari, nikarudi. Niliwaona wanawake wakipokea vibao kwa mikono miwili, na kabla ya kuketi wengi waligeuza kuangalia nyuma.

Jumatatu nilimwambia fundi nataka kufungua kazi mpya kwenye programu, isiyo na mteja. Alifikiri nimechoka. Nilipomweleza, alivaa aproni yake. Mama nilikuwa nimempigia simu alfajiri kumwambia alete kibao chake. Alikuja na wanawake saba.

Fundi ndiye aliyewapokea mlangoni. "Mama, kibarua ulianza lini?" alimwuliza kila mmoja. Hawakutaja tarehe. Mmoja alihesabu kwa watoto wake, mwingine kwa mwaka ambao jani lilikauka kwa baridi. Niliandika walichosema, nikakwangua, nikachoma, nikawarudishia vibao vikiwa bado na harufu ya moshi.

Mama alijiweka wa mwisho. Nilimwuliza niandike ngapi, ingawa nilijua.

"Thelathini na moja," alisema. Akafikiri kidogo. "Na miezi minne."

Nikaandika na miezi.