Mabomu Yaliyoangukia Ziwani

Miaka ile ya mwanzo ya kuishi Stockholm, kila Jumapili baada ya ibada tulikunywa kahawa kanisani, mtaa wa Farsta, na mzee mmoja alipigana vita vyake upya mbele yetu, kwa mdomo. Alitoka nchi jirani na kwetu Kongo. Jeshi lao la anga lilipoletwa kupigana kwetu, yeye ndiye aliyeshika ramani ndani ya ndege ya mabomu na kumwonyesha rubani njia.

"Sikukosea hata mara moja," alisema siku moja, mdomo umejaa keki. "Ule mji wenu wa ziwani, kambi ya waasi tuliifuta kabisa."

Siku hiyo ya mabomu mimi na mama tulikuwa chini ya kitanda.

"Samahani, mzee," nikamwambia. "Waasi waliendelea kucheza karata. Mabomu yenu yaliua samaki. Tulikula mpaka tukawachoka, asante sana."

Meza nzima ikacheka. Yeye akauliza kitaalamu, "Kulikuwa na upepo?"

"Hapana. Kulikuwa na mjomba wangu ndani ya mtumbwi wake."

Kicheko kikakatika. Kuanzia Jumapili iliyofuata, mzee alizungumzia baridi tu.