Mdomo wa Daktari

Nikisikia harufu ya mafuta ya cherehani, namkumbuka mama. Alikuwa anafanya kazi kiwanda cha nguo Chang'ombe, ambako mashine zilipiga kelele mpaka wafanyakazi wakazoea kusomana midomo. Akanifundisha na mie, tukawa tunawateta majirani palepale uani bila kutoa sauti.

Siku ile alikuwa amelazwa hospitali, nami nimekaa kitandani kwake. Ng'ambo ya kioo daktari alikuwa anaongea na baba. Mama aliukazia macho mdomo wa daktari, mkono wake ukazidi kuubana wangu.

“Anasemaje, mama?”

“Anasema Jumamosi narudi nyumbani, mwanangu.”

Mie nilikuwa nimesoma, “Hamalizi wiki.” Nikaufunika mdomo wangu kwa kiganja. Ulikuwa unatetemeka, na mama angeusoma.